Niliomba lori la mwenzangu likwame Kitonga

Kuna maombi ambayo mtu hawezi kuyatoa kwa sauti kwenye jumuiya. Langu lilikuwa hili: Bwana, lile Fuso la dada likwame Kitonga. Sikuomba lipinduke, wala sikuomba dereva aumie, maana nilijiona mstaarabu. Niliomba tu likwame siku mbili tatu juani, viazi vipate joto chini ya turubai, vikifika Dar viwe vinatoa maji. Nilikuwa nimesimama Isyonje saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeshuka hadi usawa wa mabati, mikono nimeificha ndani ya kitenge, namtazama dereva wake akiwasha gari. Juu ya kioo cha mbele paliandikwa kwa herufi nyekundu: MUNGU NI MWEMA. Nikasema moyoni, kwako ndiyo.

Kwa asiyeijua njia ya kwetu Mbeya, Isyonje iko kwenye barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu, pale inapochepuka ile ya kupanda Kikondo na Kitulo. Baridi ya pale haina adabu, lakini udongo wake ni wa volkano na viazi vinaupenda. Magari yakishapakia yanateremka Uyole, yanashika barabara kuu: Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, halafu Kitonga yenyewe, ule mteremko wa mlimani na kona zake. Zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam.

Huyo ninayemwita dada hatukuzaliwa tumbo moja. Tulianza pamoja, kila mmoja na debe lake sokoni Mwanjelwa, tukiuza viazi kwa sado kwa wapika chipsi. Mtaji wangu ukikatika ananiongezea, wake ukikatika namwongezea. Binti yake wa kwanza nimembeba mgongoni kuliko alivyombeba shangazi yake. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, kwa hiyo mimi nilimwita dada na yeye aliniita mdogo wangu, na tulisali usharika mmoja.

Tulipoanza kununua shambani ndipo njia zikaachana, na kilichotuachanisha ni lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kipimo. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ila shambani viazi havinunuliwi kwa kilo, vinanunuliwa kwa gunia, na gunia ni maneno tu. Vibarua wanalijaza mpaka mdomoni, wanalitikisa, wanalishindilia kwa magoti, kisha wanashonea kipande cha gunia jingine juu na kuanza kujaza upya. Likiisha linasimama kama mzee aliyevaa kofia. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mpakiaji analipwa kwa gunia moja. Likifika sokoni linafunguliwa na kugawanywa upya.

Dada alikuwa na mstari wake wa Biblia kwa jambo hilo. Vibarua wakitikisa gunia, yeye anaimba Luka 6:38: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Shamba zima linacheka, hata mwenye viazi. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza.

Mimi niliiacha lumbesa mwaka 2012, na ningependa kusema niliiacha kwa sababu ya huruma. Ukweli ni kwamba nilikumbuka maneno ya bibi mzaa mama. Bibi alikuwa Mmoravian wa Rungwe, kanisa lililofika kule mwaka 1891, na aliuza maharage kwa pishi maisha yake yote. Kila akipima aliongeza kiganja kimoja cha nyongeza, na mnunuzi akimwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hujibu kwamba hiyo nyongeza si yake, ni ya Mungu, asije akadai. Basi siku moja mhubiri mgeni akasoma Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", nikamwona bibi amekaa kwenye benchi ananitazama. Jumatatu nikaenda mjini nikanunua mizani ya kusimama, ya mtumba, sahani yake imebonyea upande.

Nilidhani wakulima watanikimbilia. Wengine walikuja, wengi hawakuja. Dada alikuwa anafika na fedha mkononi mwezi ambao mtoto anarudishwa nyumbani kufuata mchango, na mimi nilifika na mizani na nusu ya fedha, iliyobaki baada ya mzigo kuuzwa. Mama mmoja wa Kikondo aliniambia bila kunificha, "Mwanangu, mizani yako ni ya haki, lakini haki yako inachelewa." Sikuwa na jibu.

Sasa nieleze jinsi mwenzangu alivyopanda. Kwanza alianza kukodi gari zima peke yake. Kisha akanunua Fuso. Kisha akajenga Isyesye, nyumba ya vigae na geti la kusukuma. Mimi bado nilikuwa nachangia gari na wenzangu watatu na kugombana nao kuhusu nani apakie nyuma. Siku moja, wakati vibarua wake wameenda kunywa chai, mimi na kijana mmoja tuliviringisha gunia lake moja mpaka kwenye mizani yangu. Kilo 142. Usiku nilipiga hesabu kwenye daftari la mwanangu la shule: gunia 70 kwa safari, kila moja kilo 42 za juu, ni karibu tani tatu za viazi ambavyo mkulima hakulipwa. Kwa bei ya shilingi 500 kwa kilo, karibu milioni moja na nusu, kila safari. Niliifanya hesabu ile mara tatu. Mtu aliyechukizwa na wizi huhesabu mara moja inamtosha. Mara ya pili na ya tatu nilikuwa naihesabu kama ni yangu.

Na hakuna aliyemshika. Mizani ya Makambako inapima lori, haimuulizi mtu gunia lilifungwaje. Gari lake lilipita kwa uzito halali kabisa.

Kanisani ndiko kulikoniumiza zaidi. Tulipoezeka jengo letu, yeye alitoa milioni mbili, akaambiwa asimame, akapigiwa makofi na vigelegele, kwaya ikamwimbia. Mimi nilitoa elfu ishirini ndani ya bahasha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba lile paa ni la wakulima wa milima ya Uporoto, wangepigiwa wao makofi. Akaniuliza, "Hayo umesema kwa ajili yao au kwa ajili ya makofi?" Nikamnunia siku mbili.

Watu wakijua una uchungu wa namna hiyo wanakupa dawa moja: subiri, malipo ni hapa hapa duniani. Nami nikasubiri. Lakini kusubiri kwa aina hiyo si imani. Ni kulinda mlango wa mtu ukingojea msiba uingie. Gurudumu lake likipasuka Igawa, nasema ameanza. Akiugua malaria, nasema Mungu yuko kazini. Halafu gurudumu linabadilishwa, malaria inapona, Fuso linapakia tena, na mimi nabaki na Mungu ambaye nimemwandikia ratiba naye haifuati.

Nimekuja kujua kwamba wivu huu si sawa na ule wa kumtamania mtu gauni. Unaujenga kwa matofali mazuri: haki, sheria, wakulima, Biblia. Kwa hiyo huwezi kuungama, maana kila ukiugusa unaona maandiko. Nilikuwa na mistari kama kumi hivi ya kumhukumu dada. Yeye alikuwa na ule mmoja tu wa Luka.

Januari 2018 matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Binti yake, yule niliyembeba mgongoni, alipata sifuri. Habari nilizipata Uyole, nikiwa nanunua vocha, kwa mwanamke mwenzetu wa sokoni. Nilisema "Jamani, maskini," kama inavyopasa. Lakini ndani palifunguka kitu kitamu, kama mtu aliyekunywa chai ya tangawizi siku ya mvua. Nilitembea kutoka stendi mpaka nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipika pilau. Mume wangu akauliza kuna sherehe gani, nami nikasema hakuna, nimejisikia tu.

Ilikuwa saa nne usiku, naosha sufuria ile ya pilau, ndipo nikaona nilichokuwa nasherehekea. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa amejifungia chumbani kwake Isyesye analia, na mimi nimepika pilau. Yule mtoto hajawahi kushona gunia hata moja. Sikumaliza kuosha.

Niliichukua Biblia nikafungua Zaburi ya 73, ambayo nilikuwa naijua vizuri, au nilidhani naijua. Ndiyo zaburi ya watu kama mimi. Asafu anasema, "Maana naliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki." Siku zote nilikuwa nakimbilia mbele, pale wanapowekwa penye utelezi na kuanguka. Ule utelezi niliupenda. Mtu wa Uporoto anajua utelezi: mwezi wa nne, tope la kushuka shambani, unamwona mwenzako na ndoo kichwani unajua kabisa huyu hafiki.

Usiku ule niliona kwamba wa kwanza kuteleza kwenye zaburi hiyo si wao. "Nami miguu yangu ilikuwa karibu na kupotoka, hatua zangu zilikuwa karibu na kuteleza." Hiyo iko mwanzoni kabisa, mstari wa pili, na anayesema ni mwimbaji wa hekaluni. Halafu mstari wa 13: "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure." Lile neno bure ni neno la sokoni. Ni neno la mtu aliyepeleka mzigo akarudi bila faida. Asafu, na mimi nyuma yake, tulikuwa tumenawa mikono kwa mkopo, tunadai riba. Ile mizani yangu yenye sahani iliyobonyea sikuwa nimeinunua kwa ajili ya mama wa Kikondo. Nilikuwa nimempa Mungu malipo ya awali ya Fuso.

Nilipofika mstari wa 22, "nalikuwa kama mjinga, sijui neno, nalikuwa kama mnyama tu mbele zako," nikafunga kitabu. Katika zaburi hiyo hakuna mahali Asafu anaposema kwamba wale watu walikamatwa wakati yeye anaandika. Waliendelea kunenepa. Aliyebadilika alikuwa yeye, tena baada ya kujitambua kuwa ng'ombe.

Hapo ningeweza kuishia, kama isingekuwa mabati.

Nyumba yetu ya Ilomba tuliiezeka mwaka 2013. Mwaka huo dalali wangu wa Dar alikuwa anauza mzigo wangu pamoja na wa tajiri wake na wa mtu mwingine, akachanganya, akanitumia kwa simu fedha za gunia sita ambazo hazikuwa zangu. Laki tatu na arobaini. Niliona kwamba zimezidi. Nilikaa siku tatu nikingoja apige, hakupiga. Siku ya nne nikanunua mabati. Si hivyo tu. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimekuwa mwaminifu kwa mizani na Bwana amenifungulia mlango. Watu wakasema amina. Dada alikuwa safu ya mbele, naye akasema amina.

Jambo hilo sikulisahau. Nililiweka mahali, kama mtu anavyoweka risiti asiyotaka kuiona. Miaka mitano nimelala chini ya mabati hayo nikimwomba Mungu awashughulikie wanaoiba na hawashikwi, na mvua ya Mbeya unajua inavyopiga bati, usiku kucha.

Kesho yake nikampigia yule dalali. Namba ilikuwa ile ile. Nikamweleza, nikitetemeka, nikitegemea atukane. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ahaa. Kumbe zilikuja kwako, mama." Akaniambia tajiri wake alimkata kidogo kidogo mpaka zikaisha, kama mwaka mzima hivi. Nikamuuliza mbona hakunipigia. Akasema, "Nilifikiri mama wa mizani hawezi kuwa yeye. Nikamhesabia yule mwingine." Yule mwingine alikuwa mfanyabiashara wa lumbesa kutoka upande wa Njombe, na kwa miaka mitano alikuwa akidhaniwa mwizi wa fedha nilizozichukua mimi.

Nimepokea maombezi, nimewekewa mikono, nimehubiriwa na watu wakubwa. Hakuna kilichoniingia kama sauti ya dalali yule akisema "mama wa mizani".

Nilianza kumlipa, elfu hamsini, elfu thelathini, kadiri nilivyopata. Na nilimwomba ampigie yule wa Njombe. Nilikwenda pia Isyesye. Nilimkuta dada jikoni, nikamwambia yote: Kitonga, gunia nililopima kwa siri, pilau. Sehemu ya pilau ilimtoa machozi, na mimi pia, tukakaa hivyo. Kisha nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, kwamba lumbesa ni wizi, na kwamba wimbo wake wa Luka unamhusu anayetoa, si anayepokea. Alifuta macho, akanitazama vizuri. "Mdogo wangu, wewe ungekuwa na hilo Fuso na mkopo wa benki juu yake, ungefungaje?"

Nilitaka kujibu haraka, nikashindwa. Sijui kama nina jibu mpaka leo. Najua tu kwamba swali lile zamani lingenikasirisha, maana lilikuwa linataja kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakitamani, ruhusa yake ile ya kufunga bila kuogopa. Si vigae wala geti.

Kuna jambo jingine nililiona kwa kuchelewa, nalo linanitia aibu kuliko pilau. Miaka yote ile ya kumwomba Mungu dhidi ya lori, sikuwahi kumwombea mkulima mmoja kwa jina. Nilikuwa nikiwataja kwa jumla, "wakulima", kama mtu anayetaja mashahidi. Siku hizi mama wa Kikondo namlipa palepale, nimepunguza gunia ninazonunua ili fedha itoshe. Faida imeshuka kidogo. Nimekuwa nikiwaachia mizani vijana wa pale siku ambazo siendi, wapime hata kwa wanunuzi wengine. Wanunuzi wengine wanaikasirikia, na mmoja aliipiga teke, sasa sahani imebonyea pande zote mbili.

Dada bado anafunga lumbesa, ingawa ile kofia imepungua. Ama ni maneno yangu, ama ni ukaguzi umekuwa mkali, sijamuuliza. Binti anajifunza umeme chuo cha ufundi cha VETA na ndiye aliyenifungia taa ya nje. Fuso ni lile lile, maandishi yake yamepauka.

Mwaka 2019, mwezi wa nane, gari letu la kuchangia liliharibika usiku wa kupakia. Dada akasikia. Akapiga simu: "Leta gunia zako ishirini, nafasi ipo." Nami nilikuwa na safari ya Dar siku hiyo hiyo, nimalizie deni la dalali kwa mkono, kwa hiyo nikapanda kwa dereva. Gunia zangu za kilo 100 ziliwekwa juu ya zake, zikaonekana kama watoto waliobebwa mabegani.

Tulifika Kitonga saa nane usiku. Mbele yetu palikuwa na lori la mzigo wa Zambia linajikokota, nyuma yetu jingine linatusukuma kwa taa, upande wa kushoto giza tupu. Kila kona breki zilikuwa zinapiga kelele na harufu ya moto ikaingia ndani. Utingo alikuwa amelala. Dereva akasema, bila kugeuka, "Mama, wewe ni mtu wa maombi, omba kidogo hapo."

Nikaomba. Nikaomba breki zishike, gia isitoke, gari lifike, na gunia zote zilizomo, zile za chini na zile za juu.